Barua ya wazi: Kipande mlichokivisha shingo isiyo yake

Ndugu Mwenyekiti wa Kamati ya Elimu,
Ndugu Katibu,
Ndugu wahariri wa kitabu cha mafunzo ya viongozi wa matawi,

YAH: MAKOSA NA MAPENGO KATIKA SURA YA HISTORIA YA VIWANGO VYA KAZI VYA KIMATAIFA

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwanachama mstaafu wa chama chetu, mkazi wa Tanga. Nimefanya kazi korona (kiwanda cha kuchakata mkonge) miaka 23, tisa ya mwisho nikiwa katibu wa tawi. Kuhusu jambo hili nimewaandikia mara mbili. Barua ya kwanza ilijibiwa kwa simu, kwamba imepokelewa na inafanyiwa kazi. Ya pili niliileta mwenyewe kwa mkono, dada wa mapokezi akaigonga muhuri na kunipa nakala, ninayo. Huu ni mwezi wa saba nangoja jibu. Katikati hapo kitabu kimechapishwa upya, picha ileile, maelezo yaleyale. Ndiyo maana leo nasema mbele ya kadamnasi, kwa heshima zote, ila sitazunguka mbuyu.

Niwaambie kwanza kilichonikera. Mwaka jana vijana wa tawi langu la zamani waliniomba niketi nao kwenye kikao na mwajiri, kama mzee tu, nisiyekuwa na sauti. Hoja ilikuwa saa za kazi. Afisa rasilimali watu akaegemea kiti, akasema: "Hayo mambo ya kazi saa nane kwa siku ni ya Ulaya. Mazingira ya hapa ni tofauti." Katibu wa tawi, kijana hodari aliyepitia mafunzo yenu na kitabu chenu kikiwa palepale mezani, akainamisha kichwa. Angeweza kumtajia Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 na saa zake 45 kwa wiki, na baadaye alimtajia. Lakini lile neno "mazingira" lilimziba mdomo kwa dakika nzima, kwa sababu hakuna aliyewahi kumweleza limetoka wapi. Mimi ninajua limetoka wapi. Liliandikwa mwaka 1919, tena kwenye mkataba uleule mnaousifu ukurasa baada ya ukurasa.

Hoja zangu ni hizi.

1. Picha ya kipande si ya kwetu.

Chini ya picha ya kikasha cha chuma chenye kamba mmeandika kwamba ni kipande, yaani hati ya kazi ya enzi za mkoloni, cha manamba (vibarua wa mkataba) wa mashamba ya mkonge, Tanganyika. Ndugu zangu, hicho ni kipande cha Kenya. Kilitokana na sheria ya kuandikisha Waafrika ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa Vita Kuu ya Kwanza vilipokwisha. Mwanamume akifikisha umri wa miaka 16 alichukuliwa alama za vidole, akapewa karatasi, karatasi ikatiwa ndani ya kikasha, kikasha kikaning'inizwa shingoni. Mwajiri aliandika humo tarehe ya kuanza kazi, mshahara, na tarehe ya kumwachia mtu aondoke. Asipoiandika hiyo ya mwisho, umekwama. Hakuna wa kukuajiri, na ukikutwa njiani wewe ni mtoro, tena mtoro wa kushtakiwa. Wazee wa huko walikifananisha na kengele ya mbuzi.

Kipande cha Tanganyika kilikuwa kadi. Ninayo moja mezani hapa ninapoandika, ya babu yangu mzaa baba, aliyetoka Kigoma kuja kukata mkonge. Ina visanduku 30. Siku aliyomaliza kazi aliyopangiwa, nyapara alitia alama ya wino kwenye kisanduku kimoja. Siku aliyoshindwa, kisanduku kilibaki kitupu na jasho la siku ile halikuhesabiwa. Mshahara haukufuata mwezi wa kalenda. Ulifuata visanduku, hata kama kuvijaza kungechukua wiki sita. Kwenye kadi ya babu visanduku 18 vina alama, kisha alama zinakatika. Hatujui kama aliugua au alitoroka, mwenyewe hakupenda kuulizwa. Juu ya kadi hakuna jina lake. Ipo namba, na pembeni alama ya kidole gumba. Ninyi kwenye kitabu mmesema asili ya neno manamba "haifahamiki vizuri".

Neno ni moja, vyombo ni viwili. Kimoja kilimfunga mtu asimwache mwajiri. Kingine kilirefusha mwezi. Ukivichanganya, mwanafunzi haelewi hata kimoja.

2. Habari haikuanza Geneva, wala haikuanza 1919.

Mnaanza na kuundwa kwa Shirika la Kazi Duniani, lenye makao yake Geneva, kana kwamba watu wema waliamka asubuhi moja wakaamua kuwahurumia wafanyakazi. Miaka mia moja nyuma, 1818, Robert Owen, aliyekuwa na viwanda vya pamba New Lanark huko Scotland, aliwapelekea wakuu wa Ulaya waliokutana Aix-la-Chapelle maombi kuhusu hali ya wafanyakazi. Baada yake akaja Daniel Legrand wa Alsace, ambaye kwa miaka mingi aliziandikia serikali akizitaka zikubaliane sheria za pamoja. Wote wawili, msisahau, walikuwa waajiri. (Hili huwashangaza sana vijana nikiwaambia. Wengine hawaniamini.)

Na sababu yao haikuwa huruma peke yake. Kiwanda kikipunguza saa, bei ya bidhaa yake hupanda, na jirani asiyepunguza humnyang'anya soko. Kwa hiyo kila serikali ilimngoja mwenzake aanze. Hapo ndipo ilipo mantiki nzima ya viwango vya kimataifa, na kitabu chenu cha kurasa zaidi ya 100 hakiielezi hata kwa sentensi moja.

Mfano mzuri kuliko yote ni kibiriti. Njiti za zamani zilitiwa fosforasi nyeupe kichwani. Moshi wake uliingia kwenye meno mabovu ya wasichana waliokuwa wakizitengeneza, ukala taya. Uso ulivimba, usaha ukatoka, mfupa ukaoza na kutoa harufu hata familia ikamkimbia mgonjwa. Mwaka 1888 wasichana wa kiwanda cha Bryant & May, London, waligoma, na maradhi hayo yakajulikana mjini kote. Dawa mbadala ya njiti ilipatikana, ila ilikuwa ghali zaidi, na nchi nyingi hazikutaka kuuza kibiriti ghali peke yao. Mkutano wa Berlin wa 1890 uliishia kwenye maazimio matupu. Ndipo jumuiya ya kimataifa ya sheria za kazi iliyofungua ofisi yake Basel mwaka 1901 ikaifanyia hesabu kazi hiyo, nchi kwa nchi, sumu kwa sumu, na mwaka 1906 huko Bern mataifa saba yakatia sahihi kupiga marufuku fosforasi nyeupe. Uingereza ilijiunga baadaye.

Mfundisheni kiongozi wa tawi kisa hicho kimoja na ataelewa kwa nini mwajiri wa leo hulia "washindani wetu". Kilio hicho ni cha zamani, na dawa yake pia ni ya zamani.

3. Mmekiruka kifungu cha 421.

Hapa ndipo penye donda langu, nivumilieni nikikaa kidogo.

Sehemu ya 13 ya Mkataba wa Versailles, ule wa amani wa 1919 baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ndiyo iliyounda Shirika la Kazi Duniani. Mmenukuu humo maneno matamu, kwamba kazi ya binadamu isichukuliwe kuwa bidhaa tu. Vema. Lakini mkataba uleule una kifungu cha 421. Kinasema nchi mwanachama itaipeleka mikataba ya kazi iliyoiridhia kwenye makoloni yake, maeneo yaliyo chini ya ulinzi wake na milki zake zisizojitawala kikamilifu, isipokuwa pale ambapo mkataba hauwezi kutumika kwa sababu ya hali ya mahali, au kwa marekebisho yatakayohitajika ili uendane na hali ya mahali. Aliyepewa kuamua hali hiyo ikoje ni mtawala.

Hali ya mahali. Mazingira ya hapa. Afisa wetu hakubuni kitu.

Tazameni sasa tarehe. Oktoba 29, 1919, mkutano wa kwanza wa kazi ulifunguliwa Washington. Ukapitisha mikataba sita: saa 8 kwa siku na 48 kwa wiki viwandani, ukosefu wa ajira, uzazi, kazi za usiku kwa wanawake na kwa vijana, na umri wa chini wa miaka 14 kwa kazi za viwandani. Siku sita kabla yake, Oktoba 23, Nairobi ilitoa waraka unaojulikana kwa jina la Gavana Edward Northey, ukiwataka maofisa na machifu "wawahimize" wenyeji wakafanye kazi kwenye mashamba ya walowezi. Na pale mashamba yalipokuwa karibu na vijiji, ukasema wanawake na watoto nao wahimizwe kufanya kazi wanazoziweza. Kila aliyewahi kuishi chini ya chifu wa kikoloni anajua kuhimizwa na chifu maana yake nini. Askofu Frank Weston wa Zanzibar alilipinga hilo hadharani mpaka likafika London.

Wiki hiyohiyo, himaya hiyohiyo! Mtasema mkataba wa umri ulihusu viwanda, haukuhusu mashamba. Ni kweli, na hilo nalo liandikwe, kwa sababu waliotunga viwango waliacha nje sehemu ambazo watu wetu wengi walikuwa wakifanyia kazi. Hata mkataba wa saa 8 wenyewe uliiwekea India saa 60 kwa wiki na Japani 57, ukaziacha nje China, Uajemi na Siam. Uingereza haijauridhia mkataba huo mpaka leo.

4. Mkataba wa 1930 haukukomesha kazi ya shuruti.

Mmeandika kwamba Mkataba Namba 29 wa Shirika la Kazi, ndio huo wa 1930, "ulifuta kazi ya shuruti duniani". Someni tena. Uliwataka wanachama waikomeshe katika muda mfupi iwezekanavyo, kisha ukaweka kanuni za kuiendesha katika kipindi cha kungoja: wanaume wenye afya wa kati ya miaka 18 na 45, na si zaidi ya siku 60 katika miezi 12. Kazi ya jeshi, ya wafungwa, ya dharura kama vita, na kazi ndogondogo za kijiji ziliwekwa kando, hazikuhesabiwa kuwa shuruti. Tanganyika tayari ilikuwa na sharti la udhamini la 1922 (Uingereza iliitawala kwa niaba ya Shirikisho la Mataifa), kwamba kulazimisha watu kuruhusiwe kwa kazi za lazima za umma tu, na kwa malipo. Lakini asiye na hela ya kodi ya kichwa alilipa kwa nguvu zake. Na Wajapani walipoiteka Ufilipino na visiwa vya Waholanzi (Indonesia ya leo), kulikotoka nyuzi nyingi za kamba, serikali ya kikoloni ilirudi kukamata watu na kuwapeleka hata kwenye mashamba ya watu binafsi, ya mkonge yakiwemo. Mlango wa "dharura" uliachwa wazi, ukatumika.

Sikatai kwamba mkataba ulikuwa hatua. Ulikuwa hatua kubwa, na maneno yake kuhusu kazi inayodaiwa kwa tishio la adhabu, bila hiari ya mtu, bado ni silaha mahakamani. Ninachokataa ni neno "ulifuta".

5. Nani alikuwa chumbani?

Mmechapa picha ya Albert Thomas, mkurugenzi wa kwanza, na ya Samuel Gompers wa Marekani aliyeongoza tume ya kazi kwenye mkutano wa amani wa Paris. Sawa. Lakini kamati ya wataalamu wa "kazi za wenyeji", iliyoundwa Geneva miaka ya 1920, alikuwemo Lord Lugard, gavana mstaafu wa Nigeria, mtu aliyeijua Uganda kwa bunduki. Manamba hakuwemo. Hamali wa Mombasa hakuwemo. Mwaka 1930 ukumbini alikuwepo Blaise Diagne, Mwafrika wa Senegal, ila alikaa kwenye kiti cha serikali ya Ufaransa, akautetea msimamo wa Ufaransa.

Wetu walisema nje ya ukumbi. Harry Thuku wa Kenya na wenzake walilalamikia kipande, mishahara iliyokatwa na mabinti waliopelekwa mashambani kwa lazima. Machi 16, 1922 umati uliokuja kudai aachiliwe ulipigwa risasi Nairobi, Mary Muthoni Nyanjiru akiwa miongoni mwa waliokufa. Kwa hesabu ya serikali waliouawa walikuwa 21. Halafu mgomo wa Mombasa Januari 1947, na kiongozi wa wafanyakazi Chege Kibachia aliyetiwa kizuizini mwaka uleule. Halafu makuli wa Dar es Salaam, Septemba 1947, mgomo uliopanda treni kufuata Reli ya Kati. Zanzibar 1948. Kitabu chenu kina mstari mmoja juu ya yote hayo, kwamba "kulikuwa na vuguvugu". Vuguvugu ni la chai, Ndugu Mwenyekiti.

Najua mtakachosema, kwa sababu mengine nimeshaambiwa kwa simu.

Mtasema kitabu ni kifupi na wafadhili wamelipia kurasa fulani. Kurasa nne nzima ni picha za uzinduzi. Mtasema wawakilishi wanataka sheria ya leo, si hadithi za wakoloni. Mimi nilikuwepo kwenye kikao kile. Sheria ya leo kijana alikuwa nayo, akapigwa na hadithi ya mkoloni asiyoijua. Mtasema kukitaja kifungu cha 421 ni kuchafua jina la Shirika la Kazi. Shirika lenyewe halina cha kuficha. Nyaraka zake hizo zipo wazi kwa yeyote anayetaka kusoma. Mwaka 1957 lilirudi kuandika mkataba mwingine wa kufuta kazi ya shuruti, kwa sababu lilijua ule wa 1930 haukutosha. Na mwaka 2011, miaka 92 baada ya Washington, likaandika wa wafanyakazi wa majumbani, watu walioachwa nje siku zote kwa sababu ileile, kwamba mazingira ya nyumbani ni tofauti. Anayekiri mwenyewe hachafuliwi na sisi.

Mmoja wenu aliniambia pia kwamba mimi si mwanahistoria. Kweli. Nilikuwa natandaza singa, nyuzi za mkonge, juani.

Basi ninaomba haya:

(a) Picha ya kipande ipewe maelezo sahihi, na pembeni yake iwekwe kadi ya Tanganyika.

(b) Kifungu cha 421 kichapwe kizima kwa Kiswahili, kwenye ukurasa wake, pamoja na tarehe za Washington na za waraka wa Nairobi.

(c) Neno "ulifuta" liondolewe kwenye maelezo ya Mkataba Namba 29, na masharti yake yaelezwe.

(d) Kisa cha kibiriti kiingizwe kwenye mafunzo ya siku ya kwanza, kabla ya chai, watu wakiwa bado macho.

(e) Atumwe mtu apite Muheza, Korogwe na Kilosa akarekodi wazee waliokulia kambi za manamba. Wamebaki wachache, na hawasubiri bajeti.

(f) Nijibiwe kwa maandishi ndani ya siku 30. Nisipojibiwa, nitaomba hoja hii iingizwe kwenye ajenda ya mkutano mkuu wa mkoa kwa mujibu wa katiba yetu, na sahihi za wanachama nimeshaanza kuzikusanya.

Kuhusu (a), kadi ya babu siwezi kuiposti wala kuiacha ofisini kwenu. Aje mpiga picha nyumbani, ajulishe siku moja kabla, na abebe taa yake, maana wino umefifia na visanduku vya chini havionekani kwa mwanga wa dirishani.

Naomba kuwasilisha.

Wenu katika kazi,
Katibu wa tawi mstaafu, Tanga